Mdomo wa Kangambili

Pamba ya Makoye ilikuwa inaoza ndani ya vitumba, na hii ilikuwa wiki ya tano anaua mdudu asiye na kosa.

Kwa nje kitumba kilikuwa kijani, kizima. Ukikipasua, nyuzi za ndani zilikuwa za njano kama meno ya mvuta tumbaku. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, binti yake Mbuke alipita kwenye mistari ya pamba na kopo lenye maji na mafuta ya taa kidogo. Alichuma fukusi wa kijivu kwenye majani na kuwatumbukiza humo.

"Wangapi leo?" Makoye aliuliza.

"Arobaini na mmoja, baba."

"Na vitumba?"

"Bado vinaoza."

Makoye alitema mate pembeni. "Tunawamaliza, na pamba inakwisha. Huu ni uchawi au ni nini?"

Mbuke alifunika kopo. Alijua si uchawi.

Mwaka huo ulikuwa 1953, katika kijiji kilicho mwendo wa asubuhi moja kutoka Kishapu. Makoye alikuwa na maksai wawili waliokwisha kufundishwa kazi, lakini hakuwa na plau. Yeye, mkewe Nyamizi na Mbuke walilima ekari mbili kwa majembe ya mkono. Pamba ya mwaka huo ndiyo ingenunua plau. Nyamizi alikuwa ameshaanza kuwaambia majirani.

Mambo yaliharibika mwezi wa tatu. Bwana shamba Onesmo aliitisha mkutano shuleni ili aeleze habari za wadudu wa pamba. Makoye hakwenda. Mwaka uliopita Onesmo alikuwa amemgombeza mbele za watu kwa sababu hakung'oa wala kuchoma mashina ya pamba ya zamani, ambayo Nyamizi aliyaweka kuwa kuni.

"Siutaki uso wake," Makoye alimwambia Mbuke. "Wewe uko darasa la nne. Nenda ukanisikilizie, jioni uniambie."

Onesmo alileta kioo cha kukuzia. Wanafunzi na wazazi walipanga mstari ili kila mmoja amtazame mdudu. Mstari ulikuwa mrefu na jua lilikuwa kali. Mbuke na Januari, mwanafunzi mwenzake, walikaa nyuma ya darasa wakishindanisha kangambili, wale wadudu wekundu wenye weusi mgongoni. Kangambili hutembea wawili wawili, wameshikana mkia kwa mkia. Mmoja anavuta, mwingine anafuata kinyumenyume.

"Wangu ndiye anaongoza!" Mbuke alisema.

"Wako anakwenda kwa matako, anaongoza vipi?" Januari akacheka. Kisha akasimama. "Twende, zamu yetu inakaribia."

"Nenda wewe. Wadudu wa pamba nawaona kila siku shambani."

Januari alikwenda akatazama. Mbuke hakwenda. Kutoka pale alipokaa alisikia maneno machache tu: mdomo mrefu, unatoboa kitumba.

Jioni Makoye alisukuma ugali pembeni ili asikilize vizuri. "Haya. Bwana shamba kasema nini?"

"Kuna mdudu ana mdomo mrefu, baba. Anatoboa vitumba."

"Uko wapi huo mdomo?"

Mbuke alimtazama baba yake, aliyeacha kula kwa ajili yake. Kusema "sijui" kulimshinda. "Mbele ya uso, baba. Umechongoka kama wa kuku."

Kesho yake Makoye alimkamata kangambili, akamweka kiganjani. Alimtazama kwa juu, akamtazama usoni. Aliona vipapasio viwili vya kichwani tu. "Huyu hana mdomo. Siye." Akamwachia. Hatua chache mbele alimwona fukusi wa kijivu akitafuna ukingo wa jani. Huyo alikuwa na mdomo uliochomoza mbele kama pembe. "Jambazi nimekupata!" alipiga kelele.

Shamba la ekari mbili halichumwi wadudu na watu watatu. Makoye aliita kikundi cha vijana cha kulima, na kikundi hakifanyi kazi bila nyama. Akamfungua mbuzi wao jike.

"Baba Mbuke, mbuzi huyo ana mimba," Nyamizi alisema.

"Pamba itatuzalia mbuzi kumi."

Vijana waliimba na kuchuma fukusi kutwa nzima. Kangambili waliwapisha. Kijana mmoja aliwapuliza kutoka mkononi mwake akisema, "Ondokeni, nyinyi hamna kesi."

Wiki ya pili ya kuua fukusi, mwalimu aliwaambia wanafunzi wamchore kangambili. Mbuke alichungulia daftari la Januari. Januari alikuwa amemchora mdudu akiwa chali. Mdomo ulianzia mbele ya kichwa, ukakunjwa chini, ukalala katikati ya miguu.

"Umekosea," Mbuke alimnong'oneza.

"Nimekosea nini? Niliuona kwa kioo. Wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa unaongoza kwa matako!"

Baada ya shule Mbuke alikamata kangambili, akamgeuza. Uzi mwembamba mweusi ulikuwa umelala chini ya kifua. Akajua kwamba walikuwa wanaua mdudu asiyehusika. Angeweza kumwambia baba siku hiyo hiyo. Lakini mbuzi alikuwa ameshaliwa. Akanyamaza, akaendelea kubeba kopo.

Wiki ya tano Onesmo alipita na baiskeli. Makoye alimzuia njiani na kopo mkononi.

"Wewe mtu! Ulituambia tuue hawa. Tazama vitumba vyangu!"

Onesmo alichungulia ndani ya kopo. "Nani alikwambia uue hawa? Hawa wanakula majani kidogo tu."

"Ulisema wewe! Mwanangu alikusikia. Mbuke! Njoo hapa. Bwana shamba alisema mdomo uko wapi?"

Mbuke alikuja. Alijua kwamba akisema "alisema uko mbele", baba angemwamini yeye, na bwana shamba angeondoka na aibu. Nyamizi alisimama mlangoni, mikono imejaa unga.

"Hakusema hivyo, baba. Sikupanga mstari. Nilikuwa nacheza. Maneno ya kuku niliyatunga mimi."

"Umejua lini kwamba ni uongo?"

"Wiki ya pili."

Makoye alishusha kopo. Onesmo aliegemeza baiskeli. Alichuma kangambili karibu na njia, akamgeuza chali, akampa Makoye kioo.

"Mtu husimama, kwa hiyo kichwa chake kiko juu," Onesmo alisema. "Mdudu ni kama ng'ombe. Kichwa chake ndicho mbele, mgongo ndio juu, tumbo ndilo chini. Mdomo wa huyu umetoka mbele, ukapita chini ya kifua, na ncha inaelekea nyuma. Akitaka kunywa, anaushusha kama sindano. Tundu lake hulioni kwa macho, lakini uozo huingia humo."

Makoye alitazama muda mrefu. "Kama kisu kwenye ala," alisema kwa sauti ndogo.

"Ukinunua ng'ombe unamtazama wapi?"

"Kila mahali. Hata chini ya ulimi."

"Na mdudu huyu ulimtazama mgongo na uso tu. Mzee Makoye, na wewe ungekuja mkutanoni."

 Mchana huo Makoye, Nyamizi na Mbuke walianza kuchuma kangambili, na mashina ya zamani, yanayoficha wadudu, Makoye aliyachoma mwenyewe. Vitumba vilivyochelewa vilipasuka vikiwa vyeupe.

Mbuke alingoja fimbo. Haikuja. Siku ya tatu, wakiwa shambani, baba yake alinyoosha mgongo.

"Sikukuuliza ili uonekane unajua," alisema. "Nilikuuliza ulichosikia. Ungesema 'sijui', ningekugombeza jioni moja, asubuhi ningekwenda kumuuliza Januari. Na wiki ya pili ungesema 'nilikosea', tungeokoa zaidi ya nusu. Mimi nilikosea kwa hasira, nikatuma masikio ya mtoto. Wewe ulikosea kwa uongo, kisha ukaulinda uongo kwa kunyamaza. Kosa likisemwa siku yake ni dogo. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Nimesema nini?"

Mbuke alirudia neno kwa neno.

Walivuna magunia kumi na moja. Kwenye kituo cha kununulia, manne yaliitwa safi. Saba yaliitwa fifi, yaani pamba yenye madoa, ambayo bei yake haifiki hata nusu ya safi. Siku za kuua fukusi zilikuwa thelathini na nne. Mbuzi jike aliyeliwa alikuwa mmoja, na mwanawe tumboni. Plau ilibaki dukani Shinyanga. Msimu uliofuata, maksai wawili walilala zizini, na ekari mbili zililimwa kwa majembe matatu ya mkono.