Mchwa na Ukingo wa Mama Mbegu

Asubuhi ile tulikuwa tukipalilia maharage, mimi na mjomba wangu na mkewe. Jua lilikuwa zuri. Mjomba alikuwa akinitania kwamba napalilia kama mtu anayechana nywele za bibi harusi. Nilicheka. Nilikuwa nimekwenda kwake kusaidia msimu mmoja tu, kwa kuwa mgongo wa mkewe ulikuwa unamsumbua.

Kule kwetu mlima ni mkali, kwa hiyo mashamba yamekatwa kama ngazi. Shamba lako ni kidato kimoja, la jirani yako ni kidato cha juu, na kati yenu umesimama ukingo wa udongo unaozidi kimo cha mtu. Ukingo ni wa aliye juu. Wa chini haruhusiwi kuugusa hata kwa ncha ya jembe, maana ukiukata, shamba lako linapanuka na la mwenzako linapungua. Mtoto wa miaka mitano analijua hilo.

Mjomba alilijua pia. Ndiyo maana alikata kidogo kidogo, shubiri moja kila msimu, kwa miaka kumi na miwili. Kijiji kilimwita Mchwa. Yeye alicheka tu. "Haba na haba, mpwa wangu," aliniambia siku ile, huku jembe lake likila chini ya ukingo. "Tazama udongo ulivyo mweusi!"

Aliyekuwa analiwa ni mjane mmoja tuliyemwita Mama Mbegu. Nusu ya maharage ya kijiji yalitoka kwenye vibuyu vyake, na hakuwahi kumnyima mtu. Mama yangu alipofiwa na mumewe, ni yeye aliyetupa mbegu za msimu mzima. Asubuhi ile alichungulia kutoka juu, mkono kiunoni.

"Jirani, unanikata miguu."

"Aa, mama! Udongo unaporomoka wenyewe. Mimi nauokota tu."

Mke wa mjomba aliinamisha kichwa. Mama Mbegu alirudi kwenye kazi yake. Hatua tatu tu. Kisha tukasikia mlima ukikohoa, na ukingo wote ukashuka pamoja naye.

Tulimfukua kwa mikono. Nilimfuta udongo mdomoni kwa khanga yangu. Alikuwa bado anapumua. Alimwita mjomba kwa kidole, naye akainama, nami nilikuwa karibu kiasi cha kusikia.

"Utanirudishia," alinong'ona. "Wote."

Akakata roho. Watu walipofika na kuuliza mama kasema nini, mjomba alijifuta uso akajibu, "Kasema amenisamehe." Mazikoni alilia kuliko wote. Damu ni nzito kuliko maji, najua, lakini siku ile nilimchukia mjomba wangu, na sijaacha.

Siku ya nne ukungu ulishuka. Kwetu ukungu ukishuka hata saa nne asubuhi huoni mkono wako. Tulikuwa ndani tunakunywa chai. Nyuma ya nyumba tukasikia jembe.

Chwa. Chwa. Chwa.

Mjomba alitoka akipiga kelele. Hakukuwa na mtu. Lakini udongo ulioshikilia msingi wa nyumba ulikuwa umekatwa, safi, urefu wote wa ukuta. Nilipima kwa mkono wangu. Kilichokatwa kilikuwa shubiri moja. Na udongo uliokatwa haukuwepo popote.

Kesho yake ukungu ulirudi, na jembe likarudi. Keshokutwa vilevile. Siku ya saba mawe ya msingi yalikuwa yanachungulia nje, na ukuta wa chumba chao cha kulala ukapata ufa ulioweza kupitisha kidole.

"Rudisha udongo wa watu," mkewe alimwambia. Hakupaza sauti. "Ujenge ukingo kama ulivyokuwa. Utaua watu humu ndani."

Mjomba alikubali. Tulibeba makarai siku mbili nzima. Lakini Mchwa ni mchwa. Hakuchota udongo mweusi wa shambani kwake. Alikwenda kuchota kifusi chekundu kando ya barabara, kokoto tupu, akakijaza pale ukingo ulipoporomoka, kisha juu yake akapaka udongo mweusi kidogo, mtu akipita aone mambo yamenyooka.

"Maiti ataonja?" aliniuliza, akanikonyeza.

Ningeweza kumwambia acha. Sikumwambia. Nilibeba karai langu, na moyoni nilikuwa nasema, endelea, endelea tu.

Kesho yake asubuhi aliamka akikohoa. Alitema kwenye kiganja. Kokoto nyekundu. Akatema tena. Mkewe alifunua blanketi, na upande wa mjomba, upande wake peke yake, shuka lilikuwa limejaa kifusi cha barabarani, kimeshindiliwa kufuata umbo lake.

Kisha tukasikia jembe. Halikuwa nje tena. Lilikuwa chini ya sakafu, chini ya kitanda.

Chwa.

Mjomba alipandwa na hasira, na hasira yake ilikuwa woga mtupu. Alivaa buti, akachukua jembe. "Nitaukata wote! Nione atanifanya nini!" Mkewe alimshika shati. Mjomba akamsukuma. Akaingia kwenye ukungu, akapotea kabla hajafika kwenye mgomba wa kwanza.

Tulisimama mlangoni tukisikiliza. Jembe lake lilianza. Kubwa, la haraka. Tulilijua.

Kisha yakawa majembe mawili.

La pili lilikuwa la polepole. Halikuharakisha. Mkewe alinishika mkono, vidole vyake baridi. Jembe la mjomba likasita. Likapiga mara moja. Likanyamaza.

La pili likaendelea.

Tukasikia udongo ukishindiliwa. Pu. Pu. Pu. Mtu anayejua kazi. Halafu kimya.

Ukungu ulipoinuka saa sita, ukingo ulikuwa umesimama. Ulikuwa mpana kama nilivyouona utotoni, mweusi kutoka chini hadi juu, bila kokoto hata moja. Shamba la mjomba lilikuwa limebaki jekundu, limekwanguliwa hadi mwambani. Buti zake zilikuwa chini ya ukingo, zimesimama sambamba, ncha zikiutazama.

Wanaume walichimba mpaka jioni. Walipofika ndani walikuta mizizi ya zamani, minene, haijakatika hata mmoja. Fundi wa visima alisema udongo ule haujawahi kuguswa na mtu. Wakarudisha walichochimba, wakaondoka bila kuagana.

Miaka imepita, na nyumba haikukatwa tena. Mke wa mjomba sasa analima shamba la Mama Mbegu, kwa kuwa marehemu hakuacha mtoto, na hakuna aliyethubutu kulitaka. Mwezi uliopita, baada ya mvua ya kwanza, nilikwenda kumsalimia. Nilimkuta chini ya ukingo, mgongo umenyooka kabisa.

"Njoo uone, mwanangu," alisema.

Kwenye udongo mbichi wa ukingo palikuwa na alama za mikono miwili, vidole vimetanuka. Hazikuwa zimebonyea kama za mtu aliyeshika ukuta. Zilikuwa zimetokeza nje, kama mtu anayesukuma kutoka ndani.

"Mwaka juzi zilikuwa usawa wa goti," alisema. "Mwaka jana kiunoni. Sasa tazama."

Zilikuwa usawa wa kifua changu.

"Mjomba anapanda," nilinong'ona.

"Anapanda." Aligeuza jembe lake, akashika mpini kwa mikono miwili, na kwa kisigino cha jembe akazishindilia alama zile mpaka zikalala sawa na ukingo. Kisha akaniangalia. Kulikuwa na jembe jingine limeegemezwa kando.

Nililichukua.