Siku ya Mwisho ya Riba Kubwa

Alhamisi, saa kumi jioni.

Chumba cha nyuma cha gereji kilinuka grisi. Chuma alitandaza karatasi juu ya tairi bovu, akachora benki: mlango, kaunta na chumba cha hazina.

"Kesho ndiyo mwisho wa ile akaunti ya akiba ya wafanyabiashara wadogo," alisema. "Atakayeweka kabla ya saa tisa analipwa riba maradufu. Vinyozi, washonaji, wenye vibanda, wote wanafukua hela chini ya magodoro na kuzipeleka pale."

"Gari la kuzibeba je?" aliuliza Gia, dereva wao.

"Linafika saa tisa. Sisi tunaingia saa nane kasoro robo. Dakika nne, basi. Tunabadili gari kwenye ghala la mbao, mtaa wa pili, tunatawanyika."

Fundi aliikodolea macho ile ramani. Alikuwa mchomeleaji, mdogo wake Chuma, tumbo moja. Kwa miezi mitatu alikuwa ametumwa benki ile kupeleleza, na ili asishukiwe alifungua akaunti hiyohiyo kwa jina la karakana yake. Kila Jumatatu aliweka kidogo. Kazi yake ilikuwa kuhesabu walinzi. Akajikuta anahesabu riba. Karani, mama wa makamo mwenye miwani, alimwita "mwenye karakana". Kwa miaka hamsini hakuna aliyekuwa amemwita mwenye chochote.

"Kaka, tuachane na hii," alisema. "Tumechoka."

"Nimechoka, ndiyo maana naitaka. Ya mwisho."

"Hata ile ya mwaka juzi ilikuwa ya mwisho."

Gia aliangua kicheko. Chuma hakucheka.

"Hizi ni hela za watu wadogo, kaka."

"Hela haina kimo. Kalale."

Ijumaa, saa nane kasoro dakika kumi na tano.

Mlinzi alipokonywa bunduki kabla hajameza mate. Foleni nzima ikalala sakafuni, fomu zimetapakaa. Chuma alimswaga meneja hadi hazina. Fundi, sura ndani ya soksi, alibaki kulinda kaunta. Magoti yalimuuma. Karani alikuwa bado amesimama.

"Lala chini, mama. Hakuna atakayekugusa."

Karani aliinua macho.

"Mwenye karakana?"

Sauti ilimtoka tu. Akaziba mdomo. Lakini Chuma alikuwa ameshatokea na mifuko miwili, na alikuwa amesikia.

"Anakujua."

"Hanijui, kaka."

"Anakujua wewe, kwa hiyo ananijua mimi. Sogea."

Bastola ilipanda. Fundi alisogea, ila siyo upande aliotakiwa. Alisimama mbele ya kaunta, mikono imening'inia.

"Dakika ya tatu," Gia alipiga kelele kutoka mlangoni.

"Sogea, mdogo wangu."

"Nimechoka kusogea."

Walitazamana. Fundi aliona machozi kwenye matundu ya soksi ya kaka yake, akadhani yamemwokoa. Chuma akashusha mtutu na kumpiga risasi ya paja. Kisha akabeba mifuko yote miwili, akatoka. Gari likanguruma, likaondoka.

Saa nane kasoro dakika tano.

Karani alipiga magoti, akavua mtandio na kulikaza paja la Fundi. Mshonaji mmoja alikuwa analia sakafuni, kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto.

"Hela zao mlikuwa mmeshaziandika kwenye akaunti?" Fundi aliuliza.

"Wengine bado," karani alijibu. "Walishakabidhi, walikuwa kwenye foleni ya risiti."

Inspekta alifika, akamvua soksi, akachuchumaa.

"Aliyekupiga ni nani?"

"Kaka yangu. Tumbo moja."

"Amekwenda wapi?"

Fundi alifumba macho. Mlio wa ving'ora vya polisi ulikuwa unaelekea upande usio sawa kabisa, na kwa dakika tano zaidi Chuma angekuwa huru maisha yake yote.

"Ghala la mbao," alisema. "Na mwambieni atupe bastola mapema. Haoni vizuri siku hizi."

Risasi zilisikika kabla hajapandishwa kwenye machela. Alizihesabu. Zilikuwa sita za bastola, kisha moja ya bunduki.