Kioo cha Ukumbi wa Baraza

Baba alifariki asubuhi, wakati wauguzi wanabadilishana zamu. Kitanda chake kilikuwa dirishani. Muuguzi alipomaliza kumfunika, Mama hakulia. Alisimama akalitazama dirisha, kisha akashika ncha ya mtandio wake akaanza kufuta kioo, akivuta kutoka juu kwenda chini kama alivyofundishwa.

"Aliyefuta kioo hiki ni mvivu," alisema. "Ameacha kona."

Tulimwacha amalize. Alipomaliza, Mnara wa Serikali ulionekana vizuri juu ya mapaa ya mji, jua likiupiga upande mmoja.

Yanayofuata nilisimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa upande wake, na mara nyingi wakibishana.

Mnara ule ulijengwa miaka ya kwanza ya bendera mpya, wakati jengo refu kuliko yote mjini lilikuwa ghala la nafaka. Kuta zake zimekunjwa kama marinda ya sketi ya shule, toka chini hadi juu, ili kila mkunjo uutie mwenzake kivuli. Kadiri unavyopanda ndivyo unavyopungua unene, na ukisimama chini yake kuutazama, kofia inakudondoka kabla hujaona mwisho. Zege la nguzo za katikati lilimwagwa mchana na usiku bila kupumzika, kwa sababu wahandisi hawakutaka nguzo iwe na mshono. Wanawake walijipanga kwenye ngazi za mbao wakapokezana karai. Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa mmoja wao. Siku ya ufunguzi alisimama nje na umati, viganja vyake bado vimepasuka kwa saruji. Kwa miaka mingi hakuingia ndani. Alisema nyumba kama ile mtu haingii hivi hivi, lazima awe na shida au awe na cheo.

Binti yake aliingia akiwa na kazi. Aliajiriwa kuendesha lifti ya wananchi, ile iliyopandisha wenye shida. Wakati huo alikuwa hajawa mama wa mtu. Mnara mzima ulimwita Dada Lifti. Baba naye aliitwa Buibui, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuning'inia nje kwa kamba na kusafisha vioo.

Walikutana Jumatatu asubuhi katika ukumbi wa chini, saa ambayo foleni ya lifti hufika hadi barabarani. Sakafu ya ukumbi ule ilisuguliwa mpaka kila mtu alionekana amesimama juu ya mtu mwingine aliyepinduka. Dada Lifti alikuwa mlangoni pake, sare ya bluu yenye vifungo vya shaba, glavu nyeupe, kofia ndogo iliyobanwa kwa pini, na ufunguo wa lifti, nao wa shaba, ukining'inia kiunoni. Katikati ya foleni akatokea kijana wa ovaroli ya rangi ya chungwa, kulabu za mkanda wake zikilia kama kengele za mbuzi, mkononi ana ndoo ya povu.

"Ndoo haipandi lifti hii," Dada Lifti alimwambia.

"Haipandi yenyewe, dada. Nitaibeba mimi."

Foleni ikacheka. Yeye hakucheka.

"Ngazi ziko nyuma yako."

"Mpaka juu kabisa?"

"Si unapanda kuta wewe? Ngazi zitakushindaje?"

Foleni ikacheka tena, safari hii ikimcheka kijana. Buibui akainua ndoo yake akaenda kwenye ngazi.

Kabla ya adhuhuri lifti ilifunguka ghorofa ya tisa, abiria wakashuka, na Dada Lifti akainua macho. Mbele ya lifti, kila ghorofa, kuna kibaraza kidogo na kioo kimoja kikubwa. Nje ya kioo cha tisa alikuwa yule kijana, ananing'inia juu ya mji kama shati kwenye kamba ya kuanikia. Vioo vya mnara ni vya rangi ya shaba. Aliye ndani anaona nje, lakini aliye nje anajiona mwenyewe tu. Baba alikuwa akisema msanifu alitaka hivyo, ili mwananchi akiitazama serikali yake ajione. Mama alisema ni kwa sababu ya jua. Walibishana juu ya jambo hilo miaka yote ya ndoa yao.

Buibui, akijua hakuna anayemwona, alikuwa amefungua kinywa anakagua meno yake. Akavuta shavu, akageuza shingo, akarekebisha kola. Kisha akakiambia kioo jambo, akajipigia saluti, akaendelea na kazi. Dada Lifti alicheka peke yake mpaka kengele ya ghorofa nyingine ikamwita.

Jioni, getini, alimpita bila kusimama.

"Lile jino la nyuma, upande wa kulia," alimwambia, "lipeleke kwa daktari."

Buibui alibaki ameshika shavu. Kesho yake, alipofika kioo cha tisa, hakufungua kinywa. Aligonga kioo kwa mpini wa mpira wake wa kufutia, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Ndani, Dada Lifti alisita, akachomoa ufunguo kiunoni, akanyoosha mkono, mguu mmoja ukiwa bado ndani ya lifti, akajibu. Shaba juu ya kioo ililia sauti nyembamba, safi. Buibui aliisikia hadi kwenye meno.

Ikawa desturi yao. Kila asubuhi mpini uligonga nje na ufunguo ukajibu ndani. Jioni walitembea pamoja hadi njia panda. Buibui alimweleza jinsi mji unavyoonekana kutoka kule juu: mapaa ya bati kama karatasi zilizomwagika, barabara zote zikielekea mnarani kama kamba kwenye fundo, na vilima vya machimbo vilivyokatwa, palipotoka mawe ya kujengea. Dada Lifti alimsikiliza kama anayesimuliwa nchi ya mbali. Alikuwa amefika ghorofa ya juu mara zisizo na idadi, lakini mwendesha lifti haruhusiwi kutoka ndani ya lifti yake. Kioo cha kibaraza kilimwonyesha kipande cha anga na miguu ya Buibui.

"Unaishi ndani ya sanduku," Buibui alimtania.

"Na wewe unaishi ndani ya ndoo."

Lifti ile ilikuwa na simu ya dharura iliyounganishwa na chumba cha mitambo juu ya paa, ambako wasafisha vioo walihifadhi kamba zao. Siku moja simu ikalia lifti imejaa watu.

"Lifti ya wananchi, nakusikiliza."

"Ni mimi, mpenzi. Kuna habari. Tunamalizia kioo cha ukumbi wa baraza la mawaziri, halafu kikosi chetu kinahamishiwa mji mwingine."

"Nipo na watu."

"Najua. Sikiliza tu. Sitaki kuondoka bila wewe. Utakubali nikuoe?"

Sauti ya simu ile ilisikika lifti nzima. Mzee mmoja mwenye bahasha aliacha hata kukohoa.

"Taarifa yako nimeipokea," Dada Lifti alisema, masikio yakimchoma. "Utajibiwa kesho."

"Serikali," Buibui alisema, akakata simu huku akicheka.

Yule mzee mwenye bahasha aliposhuka alimwambia kwa upole, "Mwanangu, mimi faili langu lina miaka. Usimfanyie hivyo mwenzako."

Jibu alikuwa nalo tayari. Alitaka tu kulitoa uso kwa uso. Lakini asubuhi ya kesho msimamizi alimkuta mlangoni akamwambia amepandishwa, kuanzia leo ataendesha lifti ya mawaziri. Ilikuwa upande wa pili wa mnara, iliendeshwa kwa vitufe, na simu yake ilikwenda kwa walinzi tu. Mwendeshaji wake alitoka pale waziri wa mwisho anapotoka, kwa geti la ndani. Alimwomba msimamizi ampe siku moja. Msimamizi alidhani ni unyenyekevu, akamsifu. Ufunguo wa shaba aliondoka nao kiunoni, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumdai. Msichana mpya alipewa wa akiba.

Kwa hiyo Buibui alipogonga kioo cha tisa, aliyekuwa ndani ni yule msichana mpya, mcheshi, aliyekuwa bado anajifunza mambo ya mnara. Kusikia kioo kinagongwa, alifikiri ndiyo salamu ya kazi. Akajibu kwa vifundo vya vidole.

Buibui aliusikia mlio ule mzito, usio na shaba, akashangaa. Alidhani wamemnyang'anya ufunguo. Alipogonga tena akajibiwa tena, hivyo aliamini yupo. Jioni akamngoja getini, hakutoka. Siku ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Alimuuliza askari wa geti kama Dada Lifti yuko kazini, na askari, ambaye hakusema uongo, alijibu yuko. Buibui akajisemea kwamba mtu anayegongeana nawe kioo asubuhi na kukukwepa jioni amekwisha kukujibu.

Upande wa pili, Dada Lifti alikuwa akihesabu mawaziri waliobaki. Alimtuma karani wa masijala, mama mmoja mtu mzima aliyemwita shangazi, amwambie Buibui amehamishwa. Shangazi alirudi na uso mwingine.

"Sikumwambia kitu," alisema. "Nimekuta anagongeana vioo na yule mpya. Mtoto anacheka mpaka kofia inamdondoka. Mnara mzima unajua, ila wewe."

"Labda hajui kama nimeondoka."

"Mwanaume asijue anayemgongea ni nani? Mwanangu, usijidanganye."

Dada Lifti alisahau kwamba vioo vile vina pande mbili. Alikuwa amemtazama kutoka ndani muda mrefu, akimwona hadi meno, mpaka akaamini kwamba naye alikuwa akionwa. Usiku ule alimwambia Bibi kuwa ana mafua. Bibi alimtazama, akamwongezea chai.

Ikafika siku ya kioo cha ukumbi wa baraza.

Ukumbi ule umekaa karibu na kilele. Ukuta wake wa mbele ni kioo kitupu, toka sakafuni hadi darini, na ni mahali pekee mnarani pasipo na marinda ya kuzuia jua. Waliouchora walisema wanaoamua lazima wawaone wanaoamuliwa. Asubuhi ile Dada Lifti alimpandisha waziri mmoja mzee. Milango ikafunguka, na kwa kuwa wahudumu walikuwa wamevuta mapazia yote ili kioo kisafishwe, mwanga ukamwagika hadi ndani ya lifti. Hakuwa amewahi kuuona ukumbi ule bila pazia. Mbele yake ulikuwa mji wote, mapaa, barabara, machimbo, na ukungu mwembamba unanyanyuka juu ya vitu vyote kama pumzi. Na katikati ya mji huo alikuwa Buibui, anafuta povu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa.

Mtu anayecheka na mwingine kila asubuhi hawi na uso ule.

"Binti, mlango," waziri alisema, maana alikuwa bado hajatoka na milango ilikuwa inataka kumbana.

"Samahani, mzee," alisema, akatoka yeye kwanza. Akavuka zulia la baraza, kati ya viti virefu vya ngozi, akachomoa ufunguo wake kiunoni, akagonga.

Sauti nyembamba, safi.

Mkono wa Buibui ulisimama. Msafishaji hagusi kioo kwa mwili wake. Ndilo jambo la kwanza wanalofundishwa. Lakini aliweka paji la uso kwenye kioo alichokwisha kukifuta, akazungushia viganja kuzuia jua, na kwa mara ya kwanza akaona ndani ya mnara. Alimwona Dada Lifti, kofia imeenda upande, machozi yamefika kidevuni. Kati ya nyuso zao ulikuwa unene wa kioo tu. Aliuliza kwa midomo: ulikuwa wapi? Yeye akaonyesha lifti ya mawaziri. Buibui akafumba macho, akakipiga kioo kichwa taratibu, kama mtu aliyekumbuka alikoacha fedha zake. Kisha akaonyesha juu.

Chumba cha mitambo kina ngazi ya chuma inayotokea juani. Dada Lifti aliipanda na viatu vya sare, glavu zikachafuka grisi. Juu ya paa upepo ulimvua kofia, na hakuikimbilia. Buibui alikwisha kupanda kwa kamba yake, anamngoja. Chini yao mikunjo ya kuta ilishuka mpaka miguu ya mnara ikapotea. Alishika ukingo wa zege. Ulikuwa na joto, na ndani yake zilionekana kokoto ndogo, kila moja imekaa mahali pake.

"Hili amelibeba mama yangu," alisema.

Buibui hakutania. Aliweka kiganja chake chenye povu kando ya kile cha glavu, juu ya zege.

"Nilidhani umenijibu," alisema, "ila kwa vidole."

"Sijakujibu. Nakujibu sasa. Ndiyo."

Waziri alilalamika, na alikuwa na haki. Msimamizi alimwadhibu Dada Lifti kwa kumrudisha lifti ya wananchi, akashangaa kuona anashukuru. Alama ya paji la uso ilibaki katikati ya kioo cha baraza, kwa sababu kikosi kilikwisha kushusha kamba. Wanasema mawaziri waliutazama mji kupitia alama ile hadi msimu uliofuata. Buibui aliacha kikosi kikaondoka, akaomba kazi mnarani, akapewa.

Alipokwenda kuposa, Bibi alimuuliza anafanya kazi gani. Akasema anasafisha vioo vya mnara.

"Ndani au nje?"

"Nje, mama."

"Basi angalau unamwogopa Mungu," Bibi alisema, na mambo yakaisha. Wiki ya harusi, mkwe wake alimwingiza mnarani kwa mlango mkubwa, na binti yake akampandisha hadi juu bila kusimama ghorofa yoyote. Bibi alishika ukuta wa lifti njia nzima. Alipotoka kwenye paa aliangalia kwanza zege, halafu mji.

Siku hizi lifti za mnara kila mtu anajibonyezea, na vioo vinasafishwa na kampuni. Mama anaishi kwangu. Asubuhi nikimpelekea chai nagonga mlango wake kwa ufunguo. Nikigonga kwa vidole haitiki.