Kiu ya Bibi Qiallak

Tangi la maji la kliniki lilipokauka mara ya kwanza, hakuna aliyeshtuka, kwa sababu kukauka ndiyo kazi ya kliniki ile. Dawa za maumivu zilikauka tangu vuli. Daktari alikauka tangu mwaka juzi. Akinisi, mkalimani wa pale, alimpigia tu simu Aibili, dereva wa lori la maji, naye akaja akinung'unika, ndevu zimeganda barafu.

"Jana nimelijaza mpaka likatapika, shangazi. Mmemwogesha nyangumi humu?"

Nesi Odile, aliyetoka kusini kwa mkataba mfupi kama wenzake wote waliomtangulia, alicheka. Akinisi naye alicheka, mkono juu ya tumbo lake la miezi minane. Kisha akanusa. Chumba cha kusubiri kilikuwa na harufu ya taa ya jiwe, ile ya mafuta ya sili. Kijiji kizima kilikuwa na umeme, na aliyekuwa bado akiwasha taa hiyo alikuwa mtu mmoja tu: bibi yake mzaa mama, Qiallak. Naye walishamlaza chini ya rundo la mawe, kwa kuwa ardhi ya huku haichimbiki majira ya baridi.

Qiallak alifia kwenye benchi la chumba kile. Utumbo ulijifunga, akahitaji kupasuliwa, na wa kupasua wako kusini, mwendo wa ndege. Nesi aliagiza asinywe hata tone, ili ndege ikimfikisha apasuliwe moja kwa moja. Agizo la nesi huwafikia wazee kupitia kwa mkalimani. Kwa hiyo aliyesimama mbele ya kikongwe yule na kumwambia asinywe alikuwa mjukuu wake mwenyewe. Qiallak alitii. Huko kusini ofisi mbili za serikali zikaanza kusukumana nani alipie ndege. Ya jimbo ilisema huyu ni mwenyeji wa asili, ni wa taifa, lilipe taifa. Ya taifa ilisema anaishi jimboni, lilipe jimbo. Kila moja ilijibu kwa adabu kubwa. Walipomaliza adabu zao, kikongwe alishakufa, midomo imepasuka kama ngozi iliyosahauliwa juani, na neno lake la mwisho lilikuwa kuomba maji.

Baada ya tangi, zilifuata dripu. Odile alifungua kabati akakuta mifuko yote imenywea, haina tone, na hakuna hata mmoja uliofunguliwa. Akaripoti kusini. Hapo ndipo Akinisi alipojua kumbe ndege zipo: kwa mgonjwa hazikupatikana, kwa wizi wa dripu ilitua kesho yake, ikateremsha wakaguzi wawili wenye makoti mapya na katoni za maji yao ya chupa. Wakauliza kijijini nani huiba. Usiku wakalala kliniki. Asubuhi waliondoka bila kuaga, ndimi zimewakauka mdomoni, na chupa zao zote zilikuwa tupu, vifuniko vimekaza kama vilivyotoka kiwandani.

Juma lilelile Odile alimpima Akinisi tumbo, akapima tena, na tena.

"Sema tu," Akinisi alimwambia.

"Maji ya mtoto yanapungua." Alikuwa akinong'ona. "Sioni yanapovujia."

Akinisi alitoka akaenda chumba cha kusubiri ajikalie kidogo, ikiwa alasiri tu ingawa jua la majira ya baridi lilishazama na dirisha limekuwa jeusi, na alipokaa alisikia benchi likilia upande wa pili kama mtu mwepesi anavyosogea kumpisha mwenziwe, kisha harufu ya mafuta ya sili ikamjaa puani, kisha akasikia koo likimeza, taratibu, funda baada ya funda, koo la mtu aliyezuiwa muda mrefu na sasa hana haraka tena, na kila funda lilipopita yeye alihisi ngozi ya tumbo lake ikibana zaidi juu ya mtoto, mpaka mtoto akapiga teke moja dhaifu, na sauti anayoijua tangu utotoni ikamwambia sikioni, bila hasira, "Mjukuu wangu, nilitii."

Alikimbilia kwa Nunga, mdogo wake Qiallak, akamkuta anashona kiatu cha ngozi. Nunga hakunyanyua kichwa.

"Ningemshangaa asingerudi," alisema. "Marehemu akiomba maji anataka mtoto anayekuja apewe jina lake. Hilo hata mbwa wanalijua. Mimba unayo, jina unalijua, unangoja barua ya serikali?"

"Atammaliza mtoto, bibi."

"Hamtaki mtoto. Ana kiu. Jina ni lake na mtoto wako, kiu ni ya walioileta." Alikata uzi kwa meno. "Nipe koti langu."

Walipofika, Odile alikuwa kwenye simu, uso umemvimba kwa kulia. Ndege ilihitajika leo. Sauti ya kusini ilikuwa ikieleza, kwa adabu kubwa, kwamba upepo ni mkali, na kwamba kabla ya hapo lazima ijulikane mjamzito huyu ni wa jimbo au wa taifa.

Nunga aliyeyusha barafu ya mto kwenye kikombe, akakiweka benchini pasipokuwa na mtu, akaweka kiganja juu ya tumbo la Akinisi. "Dada," aliliambia tumbo, "jina lako hili hapa. Ni Qiallak. Tulia, usimuumize mama yako." Maji ya kikombe yalishuka mbele ya macho yao, taratibu, mpaka mwisho. Odile alijibanza ukutani.

Akinisi alimnyang'anya simu, akailaza benchini kando ya kikombe.

"Bibi," alisema, "mimi nilikuwa mkalimani tu. Wenye maneno hawa hapa. Waambie mwenyewe."

Harufu ilihama kama iliyofunguliwa mlango. Kwenye simu, sauti ya adabu ilikatika katikati ya neno. Ikakohoa. Ikaomba samahani, ikamwita mwenzake amletee maji, kisha ikauliza nani kayanywa. Halafu, kwa mbali, walisikia koo likimeza.

Ndege ilitua siku hiyohiyo, katika upepo uleule.

Mtoto alizaliwa kusini, msichana, akarudi na jina lake. Nunga humwita dada, Akinisi humwita bibi, na tangi la kliniki halijakauka tena. Daktari bado hajaletwa. Ila siku hizi nesi akipiga simu na sauti ya kusini ikaanza kuuliza mgonjwa ni wa nani, Akinisi huichukua simu, akailaza benchini, akaenda kumwandaa mgonjwa kwa safari.