Kapasita ya Jumapili

Paa!

Mlio mkavu ulitoka ndani ya karakana, Inspekta Semisi Moala angali na mguu mmoja garini. Alikimbia. Mlangoni akapigana kumbo na Konstebo Hola, aliyekuwa akirudi kinyumenyume, macho yamemtoka, bisibisi mkononi. Ncha ya bisibisi ilikuwa imeyeyuka.

"Nani kafyatua risasi?"

"Hakuna, afande. Nimegusa hilo dude tu."

"Nani kakutuma uliguse?"

"Plagi imechomolewa, afande! Nikajua limekufa."

"Hata aliyelala hapo alijua hivyo."

Fundi Feleti alikuwa chali kando ya meza yake. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa kimeungua; kiganja cha kushoto vilevile. Umeme ulikuwa umepita kifuani. Juu ya meza ilikaa amplifaya ya kanisa la Ma'ufanga, tumbo wazi, taa zake za kioo za kukuzia sauti zimeng'olewa na kupangwa kwenye kitambaa. Juu ya bati lake paliandikwa kwa chaki neno moja: SIFURI.

Daktari wa polisi aliinua mkono wa marehemu. Haukukunjika.

"Mkewe anasema kafa leo alfajiri," alisema Semisi.

"Mkewe aseme atakavyo. Huyu ni wa jana mchana."

Jana ilikuwa Jumapili. Semisi alihisi kichwa kikianza kumgonga. Mji mzima wa Nuku'alofa unajua kwamba Jumapili hafanyi kazi mtu, na sheria yenyewe inakataza. Kwa hiyo Nuku'alofa nzima ingemdanganya.

Ikamdanganya kweli. Nyumba tisa alizibishia hodi, nyumba tisa zikamjibu kwa ulimi mmoja.

"Jumapili tulikuwa kanisani," alisema jirani, Mzee Tomasi.

"Na baada ya kanisa?"

"Tulikula, tukalala."

"Hukusikia kitu karakanani?"

"Mwanangu, Jumapili masikio yangu pia hayafanyi kazi. Ila macho hufanya. Nilikuona kwenye mahubiri unakoroma."

Hola alicheka. Semisi alimtazama, Hola akaacha kucheka.

Kalo, mjane, ndiye aliyemkasirisha zaidi, kwa sababu yeye alikiri upesi mno. Yeye na mumewe walikuwa mafundi wawili wa meza moja.

"Kosa ni langu, Inspekta. Ndani ya amplifaya mna kapasita. Hubaki na umeme hata plagi ikichomolewa. Feleti aliniambia niutoe. Nikasahau."

"Saa ngapi?"

"Alfajiri ya leo."

"Daktari anasema jana."

"Daktari hakuwepo."

"Nani kaandika 'sifuri'?"

Kalo alitazama chini.

Semisi hakuwa na njia. Mtu amekiri, jalada limefunguka: kuua bila kukusudia. Alimweka Kalo mahabusu, na mazishi yalikuwa Jumatano. Mkuu wa kituo alifurahi. "Umeshamaliza," alisema. "Andika alikufa Jumatatu, peleka kortini."

"Sijamaliza kitu!" Semisi aliupiga mlango hadi kalenda ikaanguka.

Jumanne maabara ilileta majibu. Swichi ya nyuma ya amplifaya ilikutwa imewashwa, na juu yake palikuwa na alama ya kidole yenye mafuta ya tui la nazi. Si kidole cha Feleti. Si cha Kalo. Tui lilinukia lu, majani yale yanayookwa kwa tui kila Jumapili, na siku nyingine mtu hana habari nayo. Lakini kidole cha nani? Angeuchapa wino mtaa mzima?

Alimtoa Kalo mahabusu, akamkalisha mbele yake, akaamua kumchokoza.

"Nimefikiri sana, mama. Naona kosa si lako. Mumeo alikuwa fundi wa kubahatisha."

"Nini?"

"Anaingiza mkono bila kupima. Anamwachia mkewe. Fundi wa redio za watoto."

Kalo alisimama, kiti kikaanguka. "Feleti! Miaka kumi na minane hajagusa kitu bila kupima! Anachukua ule ufito wenye rezista ya kumwaga umeme, anagusisha kapasita, anahesabu hadi thelathini. Kisha mita. Mita ikisema sifuri ndipo anaandika kwa chaki. Mkono wake mmoja mfukoni mpaka aandike!"

"Basi aliutoa umeme mwenyewe."

Kalo alifumba mdomo, lakini maneno yalikwisha kutoka.

"Na baadaye mtu akaurudisha. Nani, Kalo?"

"Nirudishe ndani, Inspekta."

"Kesho wanamzika mumeo! Unataka wamzike huku mji mzima unasema umemuua wewe?"

"Nirudishe ndani."

Alimrudisha. Alirudi ofisini akitamani kuvunja kitu, akazima feni iliyokuwa ikimpeperushia makaratasi, akalifungua jalada upya. Ndipo sauti ya kike ikasikika koridoni: dada yake, amemletea chakula cha mchana. Semisi aliinuka bila kufikiri na kutokea mlango wa nyuma. Kaka na dada wakishakua hawakai chumba kimoja. Ni heshima aliyolelewa nayo, kama kuvua kofia. Alisubiri uani hadi nyayo zikaondoka.

Aliporudi, chakula kilikuwa mezani. Makaratasi yalikuwa sakafuni. Feni ilikuwa ikizunguka.

Alisimama akiitazama. Aliizima mwenyewe. Dada kaingia, kaona joto, kawasha, kaondoka. Na yeye angeapa mahakamani kwamba feni ameiacha imezimwa.

"Hola!" alinguruma. "Feleti ana dada?"

"Lavinia, afande. Mwalimu wa kwaya."

"Mlete!"

Lavinia alikuja na nguo nyeusi na mkeka wa msiba kiunoni, mrefu, kichwa juu. Hakungoja kukaribishwa kiti.

"Amplifaya iliharibika lini?"

"Sijui mambo ya umeme."

"Sikukuuliza umeme. Nimeuliza lini."

"Katikati ya ibada. Jumapili asubuhi."

"Na watoto walikuwa waimbe saa kumi jioni."

"Miezi minne nimewafundisha. Minne! Makanisa sita yalikuwa yanakuja kutusikiliza."

"Ukamwambia Feleti atengeneze."

"Kaka anamkatalia dada? Wapi umeona hilo?"

"Kisha ukampelekea lu."

Lavinia aliketi sasa. Semisi alimsogezea kidau cha wino. Hakukigusa.

"Hakina haja," alisema polepole. "Nilipoingia, alitoka, kama ilivyo ada. Nikaweka sahani. Nilitaka kujua tu kama dude lile limepona. Nikachomeka, nikabonyeza. Halikulia."

"Lisingelia. Taa za kioo ndizo zinazounywa ule umeme, na alikwisha kuzing'oa. Wote uliingia kwenye kapasita, ukakaa; hata kaka yako hakuumaliza."

"Nikachomoa plagi, Inspekta! Niliiacha kama nilivyoikuta. Umeme ungetoka wapi?"

"Naye akarudi, akaona plagi nje, akaona chaki yake. Akaingiza mikono yote miwili."

Lavinia alianza kulia bila sauti, mgongo umenyooka.

"Lini ulijua?"

"Kalo alipomkuta, akaniita. Alitazama swichi, akatazama sahani, akanitazama mimi. Nikamwambia: tungoje Jumatatu. Nikamwambia, mtu wa kwaya hawezi kusemwa kwamba amemfanyisha kaka yake kazi siku ya Bwana hadi akafa."

"Na Kalo akatii."

"Mke hapingani na dada wa mume. Nilijua. Nilijua atakubali, ndiyo maana nikamwachia. Sikuhofia jela. Nilihofia jina langu."

Semisi aliandika Jumapili, akapigia mstari kwa nguvu hadi karatasi ikachanika. Kudanganya polisi, kuficha kifo: hayo angeyashtaki. Lile kubwa, la kumwachia mjane mzigo, sheria haikulipa jina, na hilo ndilo lililomkera kupita yote.

Hola alifungua mahabusu. Kalo alitoka akijifunga mkeka wake kiunoni, akamkuta Lavinia koridoni kati ya askari wawili. Kwa mazoea aliinamisha kichwa apite pembeni.

"Usiiname," alisema Lavinia.

Kalo aliinua uso. Ulikuwa umechoka na mkali. "Wifi, korti ni yako na Inspekta. Mimi nina neno moja. Watu wanasema kwenye meza yetu umeme haukutolewa. Miaka kumi na minane, wifi. Hiyo ndiyo kazi yake."

Lavinia alisema kwa sauti ambayo hata mlinzi wa geti aliisikia:

"Kesho kaburini, kabla hawajatia mchanga, nitasimama mbele ya kwaya na makanisa yote sita. Nitawaambia Feleti aliutoa. Aliyeurudisha ni mimi."