Kemuma Hana Mjomba Kanada

Nyanchoka alipeleka majani ya chai kwenye kituo cha kununulia mapema siku hiyo, yakapimwa, akarudi nyumbani na kikapu kitupu mgongoni. Kulikuwa na ukungu kijijini Gesima, na sketi yake ilikuwa imelowa umande mpaka magotini. Alitaka chai ya moto tu. Alipofika nyuma ya jikoni alimsikia binti yake, Kemuma, akiongea peke yake.

"Ninaenda kumtembelea mjomba wangu," Kemuma alisema. Akakohoa, akaanza upya. "Mjomba wangu anaishi Kanada. Nitakaa kwake wiki mbili, kisha nitarudi."

Nyanchoka alisimama akasikiliza. Kemuma alikuwa na mjomba mmoja tu duniani. Jina lake Obwocha, na saa hiyo alikuwa Keumbu, kando ya barabara, akiuza ndizi.

Aliingia jikoni. "Wewe Kemuma! Mjomba gani huyo?"

Kemuma nusura aangushe sufuria. "Mama! Umenishtua."

"Mimi ndiye nimeshtuka. Mjomba gani?"

Kemuma alitazama moto. Alikuwa mtu mzima, mwalimu wa chekechea kule Nyaramba, mwenye diploma ya malezi na elimu ya watoto wadogo. Darasani kwake watoto walinyamaza akiinua kidole tu. Lakini sasa yeye ndiye aliyeinamisha kichwa.

"Ni Jasper amenifundisha," alisema. "Nikiulizwa uwanja wa ndege, nisiseme naenda kazini. Niseme naenda kumwona mjomba."

Jasper alikuwa wakala wa kazi za ng'ambo. Ofisi yake ilikuwa ghorofani mjini Kisii, yenye viti laini na picha kubwa ya ndege. Alikuwa ameahidi kumpeleka Kemuma Kanada kufanya kazi katika kituo cha kulea watoto. Pasipoti ya Kemuma ilikuwa kwake. Cheti halisi cha diploma kilikuwa kwake pia. Safari ilikuwa Jumatano, yaani keshokutwa.

Nyanchoka aliketi kwenye kigoda. Tangu safari hii ianze kutajwa, hofu ilikuwa imemkaa kifuani, ila hakuwa ameisema. Angeisema vipi? Sabato iliyopita kanisa zima lilikuwa limemwekea Kemuma mikono na kumwombea. Majirani walikuwa wameshamuaga. Mtu akishaagwa hivyo, kurudi nyuma ni aibu ya ukoo mzima.

Mumewe, Alfayo, aliingia kutafuta jembe. Alipoambiwa maneno ya mjomba, alikunja uso, kisha akacheka kidogo.

"Hayo ni maneno ya uwanjani tu," alisema.

"Baba Kemuma, wewe ni mzee wa kanisa," Nyanchoka alisema.

Alfayo aliacha kucheka. "Sasa tufanye nini? Kazi yenyewe si ya kutisha. Ni kulea watoto. Hapa kwetu omoreri ni msichana yeyote anayembeba mtoto mama yake akienda shambani. Nani alimwomba omoreri cheti? Mtoto wa Kanada analia kama mtoto wa Gesima."

Alichukua jembe lake akatoka. Lakini alipofika mlangoni alisimama kidogo, na Nyanchoka akajua kwamba yeye naye anaogopa.

Mchana huo Nyanchoka alimshika Kemuma mkono, wakateremka mpaka boma la jirani yao Esnah. Esnah alikuwa amefanya kazi katika kituo cha watoto huko Kanada kwa miaka mingi. Alikuwa amerudi kumuuguza mama mkwe wake. Waliamkiana, wakapewa uji, na Kemuma akaeleza yote mpaka mwisho.

Esnah hakuugusa uji wake tena.

"Kemuma, huko kituoni Kanada, nani amekikubali cheti chako?" aliuliza.

"Jasper amesema diploma ya Kenya inakubaliwa kila mahali. Ati nitaanza kazi, mambo ya karatasi yatafuata."

"Hata mimi niliambiwa karatasi zitafuata," Esnah alisema. "Wacha niwaambie kilichofuata."

Alivuta kiti karibu.

"Nilikwenda kihalali, nikimfuata mume wangu. Nilikuwa na cheti cha ualimu wa chekechea kama wewe. Mama mmoja mwenye kituo akanichukua bila kuuliza sana. Siku moja zabibu ikamkwama mtoto kooni. Akageuka rangi. Nilimpiga mgongoni, nikampiga, nikamwita Nyasae, Mungu wetu, kwa sauti. Zabibu ikatoka. Mtoto akapona."

"Asante Mungu," Nyanchoka alisema.

"Subiri. Jioni wazazi waliuliza: nani alikuwa na mtoto? Amesajiliwa wapi? Sikuwa nimesajiliwa popote. Yule mwenye kituo akasema hanijui vizuri, ati nilikuwa nasaidia tu. Nilihojiwa kama mwizi. Nilikatazwa kukaa na watoto mpaka vyeti vyangu vipimwe. Nikasafisha ofisi za watu kwa muda mrefu, nikilia juu ya ndoo. Na mimi nilikuwa na ruhusa ya kukaa nchini. Wewe ungekuwa na mjomba wa uongo tu."

Kemuma alianza kulia. Nyanchoka alimshika bega. Akilini alimwona binti yake katika nchi ya baridi, mtoto wa watu mikononi, watu wamemzunguka wakiuliza maswali, na yeye hana jibu hata moja.

"Kwa hivyo diploma yangu ni bure?" Kemuma aliuliza.

"Si bure hata kidogo! Ni nzuri. Lakini cheti hakivuki mpaka chenyewe. Lazima wenyeji wakipime kwanza. Kanada kila mkoa una ofisi yake ya kusajili walezi wa watoto. Nchi nyingine zina ofisi zao. Unaomba ukiwa hapa hapa nyumbani, kabla ya kupanda ndege."

"Wanataka nini?"

"Matokeo yako ya masomo, na chuo chenyewe kiwatumie moja kwa moja. Ukiyabeba wewe mkononi huenda wasiyakubali, maana watu hughushi. Wanataka maelezo ya kila somo ulilosoma. Wanataka kujua ulifanya mazoezi na watoto kwa jumla ya saa ngapi, wa umri gani, nani alikusimamia. Mwalimu mkuu wako aandike barua ya kazi. Upate cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi. Usome huduma ya kwanza ya watoto. Halafu watakujibu. Wanaweza kukukubali kabisa, au nusu, au wakuambie uongeze masomo. Ukishakubaliwa ndipo unatafuta mwajiri, na mwajiri anakusaidia kupata kibali cha kazi."

"Na huyu Jasper?" Nyanchoka aliuliza.

"Wakala wa kweli ana leseni ya serikali. Ofisi ya kazi inaweza kukuambia kama anayo. Na wakala hupewa nakala. Cheti halisi hakiachwi kwa mtu. Kesho asubuhi tukichukue."

Usiku Alfayo alisimuliwa habari yote. Mwisho aliuliza swali moja tu: "Na kama Esnah amekosea, na nafasi ikapotea?" Hilo ndilo lililowatisha zaidi.

Asubuhi wote wanne walienda Kisii. Jasper aliwapokea kwa tabasamu. Kemuma aliomba pasipoti na cheti. Tabasamu likapungua.

"Viko Nairobi," Jasper alisema. "Utavipata kesho uwanjani."

"Cheti kimeenda Nairobi kufanya nini?" Esnah aliuliza.

"Mama, wewe ni nani katika hii maneno?" Jasper alimgeukia Alfayo. "Mzee, kiti cha ndege kimelipwa. Kuna wasichana wengi wanangoja nafasi hii. Mkiiacha, msije kunililia."

Alfayo alikuwa ameuza ng'ombe kulipia safari hii. Nyanchoka alimwona mumewe akiitazama ile picha kubwa ya ndege, naye akaitazama. Ingekuwa rahisi sana kusema asante na kurudi nyumbani.

"Tunaenda ofisi ya kazi," Alfayo alisema kwa sauti ndogo. "Tutarudi."

Ofisini walimkuta afisa aliyeitwa Mokua. Aliandika jina la kampuni ya Jasper, akatafuta katika kompyuta, akatafuta tena. Kisha akavua miwani.

"Kampuni hii haina leseni," alisema. "Na pasipoti ni mali ya serikali. Wakala hana haki ya kumnyima mwenyewe. Twendeni pamoja, na tupitie polisi."

Jasper alipomwona askari mlangoni, pasipoti ilirudi kutoka Nairobi upesi ajabu. Ilikuwa katika droo ya meza yake, pamoja na cheti. Chini yake kulikuwa na pasipoti nyingine nyingi. Mokua alizitazama, kisha akamwomba askari akae hapo hapo. Kemuma alikishika cheti chake kwa mikono miwili. Hakukiachia njia nzima mpaka Gesima.

Jumatano ilifika, ndege ikaondoka. Kemuma alijifungia ndani. Kijijini maneno yalianza. Wengine walisema amekamatwa. Wengine walisema ana mimba. Nyanchoka aliacha kwenda sokoni.

Sabato ilipofika, Alfayo alisimama mbele ya kanisa bila kuitwa.

"Ndugu zangu," alisema, "mliomba binti yangu awe salama. Maombi yamejibiwa. Hajaenda."

Mama mmoja wa kiti cha nyuma alicheka, na wengine wakafuata. Alfayo akawaeleza yote, hata habari ya mjomba, hata ujinga wake kuhusu omoreri. Baada ya ibada wazazi wawili walimvuta pembeni. Binti zao pia walikuwa wameacha pasipoti kwa Jasper.

Mara hii Kemuma alianza kwa njia ya halali. Aliandika maombi kwa ofisi ya usajili ya mkoa mmoja wa Kanada, Esnah akimwelekeza. Alienda chuoni mara nyingi kuwasukuma watume matokeo. Karani mmoja alimwambia kila mara arudi wiki ijayo, mpaka karani mwenyewe akachoka kumwona. Mwalimu mkuu wa Nyaramba aliandika barua. Polisi walitoa cheti cha tabia njema. Kemuma akajifunza kumsaidia mtoto aliyepaliwa, na jioni alimfundisha mama yake kwa kutumia mto.

Jibu lilichelewa, na kila siku ya kungoja Nyanchoka aliamka na hofu ile ile. Je, kama watakataa? Hatimaye lilikuja. Kemuma alikuwa amekubaliwa kama mlezi msaidizi. Hakuwa amefanya mazoezi na watoto wachanga, kwa hiyo alitakiwa kuongeza masomo mawili ndipo awe mlezi kamili.

"Msaidizi?" Alfayo alisema. "Na diploma yote ile?"

"Baba, ni mlango wa halali," Kemuma alisema. "Hayo mawili nitayasoma huko huko jioni."

Mwajiri alipatikana. Mokua aliusoma mkataba na kuhakikisha kwamba kazi iliyoandikwa ni ile ile aliyoahidiwa. Kibali cha kazi kikatoka. Kemuma aliondoka na nakala za kila kitu, na nakala nyingine akamwachia mama yake.

Wiki za kwanza Nyanchoka hakulala vizuri. Simu ikilia, aliikimbilia. Siku moja ililia akiwa shambani katikati ya michai, kikapu mgongoni.

"Mama, leo mkaguzi wa serikali alikuja kituoni ghafla," Kemuma alisema.

Nyanchoka alishika mti wa chai ili asianguke. "Ee Nyasae. Akakufanya nini?"

"Aliniuliza mimi ni nani, na nani ameniruhusu kulea watoto. Nikampa cheti changu cha usajili. Akakisoma, akanirudishia, akasema asante."

"Halafu?"

"Halafu nini, Mama? Nikaendelea kuwalisha watoto."

Nyanchoka alifuta macho kwa mkono wenye utomvu wa majani. Kisha akaita kwa nguvu, mpaka wachumaji wa shamba la pili wakageuka: "Baba Kemuma! Mtoto ameulizwa, na amejibu!"