Perege Waliokula Kabla ya Kupimwa

Kidomo akitoka shuleni hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia kazini kwa mama yake, akavua viatu mlangoni, akavaa ndala za plastiki, kisha akakaa kwenye kigoda karibu na matangi ya samaki. Jina lake halisi lilikuwa refu na zuri, lakini lilitumika shuleni tu. Nyumbani waliliweka kando kwa sababu mtoto alianza kuongea mapema na tangu hapo hakupata nafasi ya kunyamaza.

Mama yake alikuwa mwanasayansi wa samaki. Si wa kuwavua wala kuwakaanga, bali wa kuchunguza jinsi miili yao inavyofanya kazi. Kwa miaka mingi alitafuta kujua samaki mzima anatumia oksijeni kiasi gani, na kiasi gani maji yanapomtesa. Alimweka perege ndani ya chombo cha kioo kilichojaa maji na kufungwa vizuri, na kifaa kikaonyesha oksijeni ya majini inavyopungua. Mtu asiyejua angeona mwanamke mzima amekaa anamkodolea samaki macho, akadhani hana kazi ya kufanya.

Wiki hiyo kazi ilikuwa nzito. Wafugaji wa samaki walisikia kwamba uchafu wa kiwanda unaingia kwenye bwawa lao, wakamwomba awachunguzie. Mama akaleta perege wa bwawani, akawaweka kwenye tangi moja, na perege wa mtoni, wa maji safi, kwenye tangi la pili ili awalinganishe. Matangi yote mawili aliyabandika karatasi: WASIPEWE CHAKULA.

Kidomo aliposoma, roho ilimuuma. Kila akisogea karibu, perege wa bwawani walikuja kwenye kioo wakifungua na kufunga vinywa, na yeye alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kipande cha mkate. Mama alipotoka kidogo, Kidomo akachota chakula cha samaki, akakimwaga tangini. Kilikwisha chapuchapu, naye akajiona ametenda wema.

Kesho yake alimkuta mama na fundi wa maabara wameinamia kifaa. Perege wa mtoni walikuwa sawa. Wale wa bwawani walitumia oksijeni kupita kiasi. Mama alisema habari ndiyo hiyo, maji yanawatesa, na asubuhi atawaambia wafugaji wafunge bwawa. Familia nyingi zitakosa kazi, alisema, lakini hawezi kuwaacha watu wauze samaki wagonjwa.

"Ila nashangaa, wanaonekana wazima," fundi alisema. "Kama wangekuwa wamekula ningeelewa. Samaki aliyeshiba anahitaji oksijeni nyingi ya kusaga chakula."

"Ndiyo maana tuliwanyima," mama akajibu.

Kidomo akakumbuka kile chakula alichomwaga tangini. Njia nzima ya kurudi nyumbani hakutoa neno, hadi mama akamgusa paji la uso akidhani ana homa. Alijua akisema, mama atakasirika na kazi yote itaharibika. Asiposema, bwawa la watu litafungwa kwa sababu ya kiganja kimoja cha chakula. Alivumilia mpaka mama alipoanza kupiga pasi blauzi ya kuvaa mkutanoni.

"Mama, niliwalisha."

"Uliwalisha nani?"

"Perege wa bwawani. Niliwaonea huruma."

Mama alichomoa pasi kwenye umeme. Aliikunja blauzi taratibu, na Kidomo akatamani agombezwe tu yaishe. Kisha mama akasema amekasirika sana, tena si kwa kile chakula, bali kwa kuwa Kidomo alimwacha aondoke kazini akiamini jambo lisilo kweli. Baada ya hapo akampigia simu fundi.

Asubuhi mama alisimama mbele ya wafugaji akawaambia hana jibu bado, kipimo kimeharibikia mikononi mwake. Mfugaji mmoja alisema kwa sauti kwamba watu wengine wanalipwa mshahara kwa kutazama samaki. Wenzake wakacheka. Mama hakujitetea.

Perege walinyimwa chakula tena, wakapimwa upya. Safari hii wa bwawani na wa mtoni walilingana. Bwawa likabaki wazi.

Jioni ile Kidomo alimuuliza mama kama aliona aibu kuchekwa vile.

"Niliona," mama alisema. "Na kosa moja ni langu. Nilikukataza bila kukuambia sababu. Lakini sikiliza, mwanangu. Samaki hawezi kunieleza kama amekula. Nategemea wanaomtunza waseme kweli, na mmoja akificha, mimi nitawadanganya watu mbele ya mkutano bila kujua. Kukosea utakosea. Ukikosea, sema mapema, kabla kosa halijamfikia mtu asiye na habari."

Kidomo aliitikia kwa kichwa.

"Yule aliyenicheka anasomesha watoto kwa bwawa lile," mama akaendelea. "Hatajua kamwe jinsi ulivyokaribia kumfungia bwawa. Wewe unajua, na inatosha."